Mtoto Anayerusha Maziwa: Namna ya Kuutazama Mlango wa Tumbo kwa Altrasaundi Ukiwa Pemba

Mtoto ana wiki 4. Alizaliwa mzima, akanyonya vizuri, akanenepa. Wiki ya tatu akaanza kucheua, kucheua kukawa kutapika, na sasa anatapika kwa kurusha: maziwa yanamtoka kwa nguvu na kuanguka mbali na kifua cha mama. Hayana rangi ya kijani. Akishamaliza tu, analilia ziwa tena. Ukiwa zamu Chake Chake, Wete, Mkoani au Micheweni na akaletwa mtoto wa namna hii, fikiria mapema mlango wa kutokea tumboni, ambao sisi wa hospitali tunauita pailorasi. Huenda msuli wake umenenepa hadi ukaziba njia, na maziwa hayana pa kwenda ila kurudi yalikotoka.

Maelezo haya ni kwa wewe utakayeshika probu, uwe daktari, afisa tabibu au mtaalamu wa mionzi. Yanafaa pia kwa muuguzi, kwa sababu nusu ya kazi hii inafanyika kabla mashine haijawashwa.

Ugonjwa huu ulielezwa vizuri na Harald Hirschsprung, daktari wa watoto wa Denmark, mwaka 1887. Huwapata zaidi watoto wa kiume, kiasi cha wanne au watano kwa wa kike mmoja, na wazaliwa wa kwanza kuliko wanaofuata. Dalili huanza baina ya wiki ya 3 na ya 6, na ni nadra kuanza baada ya wiki ya 12. Mtoto aliyepewa erithromaisini katika wiki 2 za mwanzo za maisha yake yumo kwenye hatari zaidi, kwa hiyo uliza kuhusu dawa za maji alizopewa nyumbani au dukani. Vitabu vinasema ugonjwa ni wa Wazungu zaidi kuliko Waafrika. Ni kweli kwa hesabu, lakini kauli hiyo imewafanya wengi wetu tusiufikirie kabisa. Madaktari wa Bugando, Mwanza, walichapisha mwaka 2015 taarifa ya watoto 102 waliowafanyia upasuaji wa tatizo hilihili katika muda wa miaka 5. Hospitali moja tu hiyo. Pemba ina watu zaidi ya laki 5, na watoto wetu hawana kinga ya pekee.

Tatizo letu ni kwamba hutauona ugonjwa huu kila wiki. Pengine miezi itapita. Ndiyo maana nashauri ujizoeze kwa watoto wazima: kila mtoto mchanga anayeletwa kwa altrasaundi ya figo au ya ini, mzazi akiridhia, chukua dakika 2 umtafutie mlango wa tumbo. Asiyeujua mlango mzima hataujua ulionenepa.

Sikiliza kwanza, na umsikilize bibi

Zitazame tena zile wiki 3 hadi 6. Zinaangukia ndani ya arubaini. Mama mzazi yumo chumbani, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, na watu wa nyumbani hawapendi atoke. Mtoto akitapika, maneno ya kwanza ni mchango, au jicho, au maziwa ya mama yameharibika. Analetwa hospitali siku kadhaa baadaye, mara nyingi na bibi, baada ya kunyweshwa kombe, dawa ya mchango, pengine gripu, na wengine hupelekwa kwa fundi wa kukata kilimi. Usimgombeze mtu. Ukimgombeza bibi hatakwambia kilichonyweshwa, na unahitaji kukijua. Kilimi kikiwa kimekatwa, angalia koo kama linatoka damu na kama mtoto ana homa.

Maswali yako yawe mafupi na ya kuonekana kwa macho.

“Bibi, akitapika, maziwa huishia wapi?”

“Yanaruka, mwanangu. Jana yamefika ukingoni mwa kitanda.”

“Yana rangi gani?”

“Meupe, yameganda ganda.”

“Na mkojo je?”

“Tangu alfajiri nepi kavu.”

Jibu la mwisho ndilo la haraka kuliko yote. Mtoto huyu anahitaji dripu kabla ya altrasaundi, na picha inaweza kusubiri saa moja. Gusa utosi kama umebonyea, bana ngozi ya tumbo, tazama midomo, mpime uzito, kisha linganisha na kadi ya kliniki. Mtoto wa wiki 5 ambaye uzito wake ni uleule wa kuzaliwa, au umeshuka, amekwishakueleza mengi.

Rangi ya matapishi usiipite haraka. Kama ni ya kijani, yaani nyongo, hii si pailorasi. Mlango ukiwa umeziba, nyongo haina njia ya kupanda tumboni, kwa sababu inaingia kwenye utumbo mbele ya mlango. Kijani kwa mtoto mchanga ichukulie kuwa ni utumbo uliojisokota hadi ithibitike vinginevyo, na utumbo uliojisokota unaweza kufa kwa saa chache. Mpigie simu daktari wa upasuaji wakati huohuo, hata kama bado hujagusa mashine.

Mashine na mtoto

Mashine nyingi za hospitali zetu zilinunuliwa kwa ajili ya wajawazito, na probu iliyochomekwa ni ile ya kupinda. Kwa kazi hii tumia ile bapa, ya masafa ya juu, megahezi 7 hadi 12, mnayotumia kutazama tezi ya shingo au mishipa. Punguza kina hadi sentimita 4 au 5, kwa kuwa kwa mtoto wa kilo 3 na nusu kila unachokitafuta kiko karibu na ngozi. Kama huna ila ile ya kupinda, panda masafa hadi mwisho wake, punguza kina, na uwe mkweli katika ripoti: ukiuona msuli mnene kwa probu hiyo, jibu lina thamani; usipouona, usiandike kwamba hakuna kitu.

Jeli iwe ya moto kidogo. Tia chupa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kuanza. Jeli ya baridi humshtua mtoto, akilia anameza hewa, na hewa tumboni ni pazia jeupe ambalo huwezi kuona nyuma yake. Mwache alale mapajani mwa mama au bibi ikiwa kitanda kinamtisha. Kidole kilichochovywa maji ya sukari hufanya kazi nzuri kuliko watu wawili kumshika mikono.

Weka probu kwa mapana chini kidogo ya chembe cha moyo. Utaliona ini upande wa kulia wa mtoto, na tumbo upande wa kushoto. Kabla ya kutafuta mlango, tazama tumbo lenyewe. Mtoto ambaye hakunyonya kwa saa 3 au 4 na tumbo bado limejaa maziwa, mawimbi yanakwenda mbele kwa nguvu kisha yanarudi nyuma bila kitu kupita, huyo amekwishakupa nusu ya jibu.

Sasa sogea taratibu kuelekea kulia hadi ukutane na mfuko wa nyongo: kifuko cheusi kisicho na kitu ndani, kando ya ini. Mlango wa tumbo ni jirani yake, upande wa katikati ya mwili, mbele ya figo ya kulia. Ukiuona mfuko wa nyongo simamisha mkono, kisha zungusha probu kidogokidogo, pengine nyuzi 30 au 45, mpaka duara la mlango lirefuke na uone njia nzima. Wanaoanza hukosea hapa kwa kuhangaika huku na huko. Probu isihame, izunguke tu.

Ukikosa kabisa, sababu huwa ni mojawapo ya mbili. Ama tumbo limejaa kupita kiasi na kuusukuma mlango nyuma, chini ya ini. Hapo mgeuze mtoto kidogo upande wa kushoto, au toa maziwa kwa mpira wa puani. Ama hewa imekaa mbele ya mlango. Hapo mlaze ubavu wa kulia, maji yateremke na hewa ipande. Hewa hufuata juu na maji hufuata chini, ndiyo siri yote ya kumgeuzageuza mtoto.

Milimita 3, na zaidi ya milimita

Ukiipata njia kwa urefu, utaona mistari miwili meusi na katikati yake weupe. Weusi ni msuli, weupe ni utando wa ndani. Ukikata kwa mapana utaona pete nyeusi yenye kiini cheupe. Katika ugonjwa huu utando wa ndani nao huvimba, na mara nyingine hujitokeza ndani ya tumbo kama chuchu ndogo. Ukiiona chuchu hiyo huku maji yakiwa yameizunguka, picha hiyo hutaisahau.

Pima msuli wa upande mmoja tu: kutoka ukingo wa nje wa weusi hadi unapoanza weupe. Weupe usiutie. Mtoto mzima huwa na milimita 2 au chini. Milimita 3 na kuendelea ni ugonjwa. Kisha pima urefu wa njia; milimita 15 au zaidi huenda pamoja na ugonjwa, ingawa hospitali nyingine huanzia 16 au 17. Kwa mtoto mzima utapata tabu hata kuupima urefu, kwa sababu mlango hauna njia ndefu, ni pete inayofunguka na kufunga. Ukikuta njia ndefu iliyonyooka ambayo haitaki kuondoka kwenye kioo, hilo peke yake likutie shaka.

Vipimo hivi viliingia hospitalini baada ya Rita Teele na Edward Smith wa Marekani kuonyesha, mwaka 1977, kwamba altrasaundi inaweza kuugundua ugonjwa huu. Kabla ya hapo daktari alikaa upande wa kushoto wa mtoto na kupapasa kwa subira mpaka ahisi kidonge kigumu chenye ukubwa wa zeituni, au alimnywesha mtoto bariamu na kumpiga eksirei. Kupapasa bado kuna kazi. Umeme ukikatika na betri ya mashine imekwisha, vidole vyako vipo. Mtoto akishatapika na tumbo likawa tupu, papasa juu kidogo ya kitovu, kulia, chini ya ukingo wa ini.

Narudi kwenye milimita, kwani ndipo watu wanapoharibu. Ukikata kwa mshazari, msuli wa milimita 2 utaonekana wa 3 na nusu. Kwa hiyo pima mahali ambapo weupe wa utando umeonekana wazi katikati, pande zote mbili za msuli ziko sawa, na rudia mara 3. Vilevile mlango mzima ukijikaza unanenepa kwa muda, kisha unalegea. Mimi siiamini ripoti yenye namba moja na picha moja. Siulizi tu ni milimita ngapi. Nauliza pia ulikaa ukitazama kwa muda gani.

Kaa, basi. Mpe mtoto mililita 15 hadi 30 za maji ya glukosi kwa kijiko au kikombe, ikiwa hatapiki nyongo na hali yake inaruhusu. Maji haya huonekana vizuri kuliko maziwa. Mlaze ubavu wa kulia, weka probu juu ya mlango, usiondoe mkono. Dakika 10, na ukiwa na shaka 20. Mlango uliojikaza tu utafunguka mbele ya macho yako: weusi utapungua unene, njia itafupika, na maji yatapita kwa mkupuo kuingia utumboni. Mlango wenye ugonjwa haufunguki. Huenda uzi mwembamba wa maji ukapenya, lakini msuli unabaki vilevile tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho. Kutofunguka huko kuna uzito sawa na kipimo chochote.

Baina ya milimita 2 na 3 usilazimishe jibu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au aliyeletwa siku ya pili tu ya kutapika, anaweza kuwa na ugonjwa kamili kwa kipimo kidogo. Mlaze wodini, mpe maji, rudia altrasaundi baada ya siku 1 au 2. Kumrudisha Kojani au Kisiwa Panza kwa ngarawa na neno “hana kitu” ni uamuzi mbaya, maana kurudi kwake kunategemea upepo, nauli na idhini ya watu wengi.

Usizime mashine bado. Sogeza probu katikati utazame mishipa mikubwa miwili ya matumbo, ateri na vena, mahali inapokwenda sambamba mbele ya uti wa mgongo. Vena inapaswa kuwa kulia kwa ateri. Ikiwa imehamia kushoto, au inaizunguka ateri, utumbo umekaa vibaya au umejisokota. Tazama figo kama zimejaa maji, kwani uchafu wa mkojo nao huwatapisha watoto wachanga. Kama utosi umejaa badala ya kubonyea, weka probu hapohapo utazame ubongo. Na kama sodiamu iko chini huku potasiamu iko juu, fikiria tezi za juu ya figo. Hapo tatizo si mlango wa tumbo, na mtoto huyo hufa upesi akipelekwa njia isiyo yake.

Chumvi kwanza, bahari baadaye

Ndugu wakishaambiwa “upasuaji,” kila mtu hukimbilia boti. Wazuie. Ugonjwa huu unahitaji kisu, lakini si usiku huohuo. Kinachomuua mtoto ni upungufu wa maji na chumvi.

Kila anapotapika anamwaga asidi ya tumbo, na ndani yake kloraidi. Damu inapungukiwa asidi, potasiamu inashuka, na mwili katika hali hiyo hupunguza pumzi. Mtoto kama huyu akipewa usingizi wa upasuaji anaweza kusahau kupumua baada ya kuamshwa. Ndiyo maana madaktari wengi wa usingizi hawamgusi mpaka kloraidi ifike karibu 100 na baikaboneti ishuke chini ya 30. Kazi hiyo inaweza kuanzia hapo ulipo: aliyepungukiwa sana apewe maji ya chumvi ya asilimia 0.9, mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, halafu tazama tena. Baada ya hapo dripu ya kuendelea iwe na chumvi na glukosi, na potasiamu iongezwe pale tu mtoto anapoanza kukojoa. Epuka Ringa lakteti kwa huyu, kwa sababu mwili huigeuza lakteti kuwa baikaboneti, na baikaboneti tayari imezidi. Ugonjwa ukithibitika asinyonye, aingizwe mpira wa puani ulioachwa wazi. Mama naye akamue maziwa kila baada ya saa 3 yasimkauke. Atayahitaji baada ya siku chache, na hili ndilo linalosahauliwa na kila mtu.

Rufaa ianze kwa simu. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, wakujibu kama wana daktari wa upasuaji na wa usingizi wa kumpokea mtoto wa umri huo, au mtoto aende moja kwa moja Muhimbili. Boti ya Mkoani huchukua saa kadhaa, na bahari ikichafuka kila mtu humo anatapika; ndege ya kutoka Chake Chake hadi Unguja ni kama nusu saa. Vyovyote atakavyosafiri, awe na dripu inayotembea, mpira wa puani, bomba la kuvutia, blanketi na muuguzi. Kama dripu haitembei, hajawa tayari kusafiri.

Ripoti iandike hivi: umri kwa siku, uzito wa leo na wa kuzaliwa, saa ya mwisho kunyonya, unene wa msuli, urefu wa njia, dakika ulizotazama, kama maji yalipita, vena iko upande gani wa ateri, aina ya probu. Tia picha ya urefu, picha ya mapana na video fupi. Unaweza kuzituma kwa simu kwa daktari anayempokea, mama akikubali na jina la mtoto likiwa limefichwa. Ukiwa Mkoani, Hospitali ya Abdalla Mzee iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2016 ina madaktari wa Kichina. Lugha ikigoma, waonyeshe video. Mlango usiofunguka hauhitaji mkalimani.

Waeleze wazazi upasuaji wenyewe, maana neno hilo huwaangusha. Conrad Ramstedt wa Ujerumani aliuanzisha mwaka 1911 na hadi leo haujabadilika sana: msuli unapasuliwa kwa urefu, utando wa ndani unaachwa mzima, basi. Hakuna kipande kinachoondolewa. Wengi huanza kunyonya ndani ya siku moja.

Mtoto atarudi Pemba na kovu dogo, na siku moja ataletwa kwako kwa sababu amecheua. Utaweka probu na kuukuta msuli bado mnene. Usiandike kwamba upasuaji umeshindikana, wala usimrudishe kwenye boti. Msuli huchukua wiki kadhaa kurudi unene wake wa kawaida hata pale njia inapopitisha maziwa vizuri. Kama ananyonya, anakojoa na mzani unapanda, mwambie mama amnyonyeshe na amlete tena baada ya wiki moja kupimwa uzito.